Fundi Anajibu: Oili Inapanda, Presha Inashuka

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Kibaigwa. Umeme ukikatika tunawasha jenereta la dizeli la silinda 12. Zamani likipata moto, geji ya presha ya oili ilisoma baa 4. Sasa inashuka hadi 2. Opereta anataka tuweke oili nzito zaidi. Halafu kijana wetu anasema oili haipungui, hata imepita alama ya juu bila mtu kuongeza. Nikasema alhamdulillah, angalau halili oili. Je, nimsikilize opereta? — Msomaji, Kibaigwa

JIBU: Marahaba. Hiyo alhamdulillah irudishe kwanza. Oili haizaliani. Ikipanda yenyewe kwenye kijiti cha kupimia, kuna kilichoingia. Yangekuwa maji, mngeiona imegeuka kama chai ya maziwa. Mimi nashuku dizeli, inayovuja kwenye nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya silinda) au kwenye sili ya pampu ya dizeli. Chovya kidole, nusa. Kisha dondosha tone kwenye tishu, uliache hadi kesho: dizeli hutangulia mbele ya oili na kuacha duara hafifu pembeni.

Sasa kwa nini ni hatari. Wengi hudhani presha ya pampu ya oili ndiyo inayobeba kranki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Pampu kazi yake ni kufikisha oili tu. Kranki ikizunguka huivuta ile oili, inaibana kwenye upenyo kati yake na metali (beringi zinazoishika), na hapo ndani presha huipita ile ya geji kwa mbali. Kranki inaelea. Mwaka 1883 Mwingereza Beauchamp Tower, akipima beringi za ekseli za reli, alitoboa tundu la kuongezea oili. Oili ikawa inatoka badala ya kuingia! Akaziba kwa kizibo, kikasukumwa nje.

Utando huo wa oili ni mwembamba kuliko unywele. Dizeli ikiuzimua, chuma hugusana na chuma.

Opereta wako simlaumu, hata mimi nilifanya hivyo ujanani. Niliweka oili nzito, geji ikapanda baa mbili (sisemi zile za bia), bosi akanisifu. Kumbe geji inapima jinsi oili inavyokwama kupita, haipimi inavyofika. Asubuhi za Julai, Dodoma ikiwa na baridi, oili ile ilichelewa kufika juu kwenye valvu, na dizeli iliendelea kuvuja. Tulipofungua vifuniko vya pembeni, injini ikiwa imepoa, tulikuta chini vipande vinavyong'aa kama magamba ya dagaa. Metali zilikuwa zimekwisha.

Kwa hiyo jenereta lisiwashwe, hata kama alizeti imejaa stoo. Dizeli ikizidi kwenye oili inaweza hata kulipuka humo ndani. Toeni nozeli zote zikapimwe, mkague pampu ya dizeli, ndipo mmwage oili na kubadilisha filta. Wekeni oili ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini, si ya opereta. Likipata moto na bado linasoma 2, tafuteni fundi apime metali.

Na huyo kijana wa kijiti mwongezee posho.