Nathi Nilizonunua kwa Jina la Kigeni

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, niuzie mbegu za goldenberi, na uniambie ekari moja inaleta pesa ngapi." Nilicheka, halafu kicheko kikakauka. Swali hilohilo niliuliza mimi mwaka 2019, na jibu nililopewa lilikula akiba yangu yote.

Nilikuwa nimerudi Kinangop baada ya kazi ya Nairobi kuisha. Kama wewe, nilitaka kilimo cha kunitoa. Nikaingia semina moja ambapo jamaa mwenye tai alituonyesha picha za tunda la rangi ya dhahabu ndani ya kifuko kama cha karatasi. La nje, akasema, Ulaya wanaligombania. Nikalipia miche 1,200.

Pikapu ilipoishusha, cucu, yaani nyanya yangu, alikuwa mlangoni anachambua maharagwe. Akainua mche mmoja, akasugua jani, akanusa.

"Hizi si nathi?"

Nikamweleza kwa upole, ule upole wa mtu aliyehudhuria semina, kwamba hizi ni goldenberi. Hakubishana. Alirudi kwa maharagwe yake, na huko nyuma ya choo nathi zilikuwa zimejiotea kwenye ua, zimezaa, ndege wanakula.

Ni mmea uleule. Asili yake ni milima ya Andes, huko Peru na jirani zake, na Colombia ndiyo inayouza nje kwa wingi. Kwa Kiingereza umepewa jina la Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, kwa sababu walowezi wa huko waliulima tangu mwanzo wa karne ya 19. Kwa hiyo yule jamaa wa tai hakudanganya, tunda ni la nje kweli. Alichoficha ni kwamba lilishajipandia kwetu bila kuomba ruhusa, na watoto wanalichuma wakitoka shule.

Sasa kosa langu la pili, na hili linauma zaidi kwa kuwa halikuwa la mtu mwingine. Nathi ni ya ukoo wa viazi, nyanya, biringanya na mnavu. Mimi nikaipanda palepale nilipotoka kuvuna viazi. Vichaka vilifika kiunoni, vikatoa maua ya njano yenye madoa meusi kooni, nikapiga picha nikazituma kila mahali. Kisha wiki moja vikaanza kulegea mchana na kuamka jioni, mpaka siku vilipokataa kuamka. Afisa wa kilimo alikata shina, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka. Mnyauko wa bakteria, ule wa viazi, ulikuwa ukinisubiri udongoni. Ndugu yangu alisema mbele ya watu kwamba nimefilisiwa na magugu. Sijamjibu hadi leo. Labda haya ndiyo majibu.

Miaka miwili ya kutafuta vibarua naiacha, haina utamu.

Nilipoanza tena nilianza na vichaka 40, mahali palipokuwa na mahindi, mbegu kutoka ua wa cucu. Vilizaa hadi matawi yakalala chini, nikayainua kwa miti na kamba. Nikachuma, nikamenya kwa bidii ili mnunuzi aone dhahabu yangu inavyong'aa, nikapeleka hotelini. Wakakataa kreti zote, kwani zilishaanza kutoa maji. Usimenye! Kifuko kikikauka vizuri, nathi hukaa mwezi na zaidi bila friji. Ukikivua, umeanza kuhesabu siku. Nasema tena kwa sababu kila wiki mtu ananitumia picha za nathi zilizomenywa: usimenye.

Na usichume mbichi. Ngoja kifuko kigeuke rangi ya majani makavu na tunda liwe la chungwa. Nyingi huanguka zenyewe, unaokota. La kijani lina sumu, na kifuko hakiliwi. Msishangae, ukoo huu ndio uliouzaa mnanaha pia, ule mmea wenye sumu kali.

Leo vichaka vyangu vinanilipia karo ya watoto wawili, na ndugu yangu huyo ameniomba miche. Nimempa. Lakini ninyi vijana mnaokimbilia kila kitu chenye jina la kizungu, mnalipia semina kabla hamjazunguka ua wa kwenu, nawaambia kwa uchungu: muulizeni kwanza aliyeketi mlangoni anachambua maharagwe. Ekari moja inaleta pesa ngapi? Anayekupa jibu la haraka ana miche ya kuuza.

Mbegu siuzi, ndugu msomaji. Tafuta nathi moja iliyoiva, ifinye kwenye kikombe cha maji, suuza utelezi, anika kivulini juu ya gazeti. Humo ndani mna mbegu zaidi ya mia moja. Ukikosa kabisa, ua wa cucu bado upo nyuma ya choo. Njoo na kikombe chako.