Usiamini tarehe iliyo kwenye chuma

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kutafuta historia ya injini ya mvuke iliyobaki kwenye mgodi wa zamani kule Cornwall, Uingereza. Jina la kiwanda na mwaka ulioona kwenye boriti (ule mhimili mkubwa wa chuma unaopanda na kushuka juu ya injini) ni mwanzo tu. Injini hizi ziliuzwa mtumba, mgodi ukifa zinang'olewa na kufungwa kwingine. Ile kubwa ya shimo la Taylor kwenye mgodi wa East Pool, silinda yake ina kipenyo cha inchi 90 (mtu anasimama ndani wima!), iliundwa na kiwanda cha Harvey cha mji wa Hayle mwaka 1892 kwa ajili ya mgodi wa Carn Brea. Ilifika East Pool miaka ya 1920, ikavuta maji ya mgodini hadi 1954. Ukifuata tarehe ya chuma peke yake, umepotea.

Mimi ningeanza na ripoti za Lean, yaani taarifa za utendaji wa injini za migodi ya Cornwall, zilizotoka tangu 1811: injini kwa injini, ukubwa wa silinda na kazi iliyofanya kwa makaa iliyochoma. Halafu matangazo ya mauzo kwenye magazeti ya migodi. Nyaraka nyingi za huko ziko Kresen Kernow, hifadhi ya nyaraka za Cornwall, mjini Redruth. Kipenyo cha silinda umeshapima?