Jenereta inayowaka choki ikiwa imefungwa tu

Unashuku plagi kwa sababu jenereta yako inawaka choki (kilango cha kupunguza hewa inayoingia kwenye injini) ikiwa imefungwa tu. Plagi haina kosa mkuu, jeti ya kabureta imeziba, yaani kile kipande kidogo chenye tundu la kupitishia petroli. Injini inayozima mara tu ukifungua choki inapata hewa nyingi kuliko petroli. Petroli ikilala humo miezi kadhaa hukauka na kuacha utando kama gundi ya kahawia, na tundu la jeti ni dogo mno, halihitaji uchafu mwingi.

Tafadhali usilichokonoe kwa waya wa chuma! Jeti ni ya shaba, laini. Ukilipanua tundu kidogo tu, injini itakula mafuta na kutoa moshi mweusi. Ifungue, ipulizie dawa ya kusafishia kabureta, kisha upepo wa kompresa, halafu ielekeze kwenye mwanga: tundu lionekane duara safi. Floti (boya dogo la ndani ya kabureta) na mipira yote itoe kwanza, dawa huvimbisha mpira. Nimebadilisha mingi iliyoharibika hivyo.

Ikiendelea kusumbua, angalia gasketi (kipande chembamba cha kuziba upenyo) kati ya kabureta na injini. Hewa ikipenya hapo, dalili ni hizo hizo.