Mpasuko wa The Sonics siyo ubovu, usimlipe mtu "akusafishie"

SWALI: Habari za kazi fundi. Mjomba wangu anaishi Tacoma kule Marekani, kanitumia santuri ya bendi ya roki ya zamani, The Sonics, ile inayoitwa Here Are the Sonics. Nikiipiga sauti inapasuka kuanzia wimbo wa kwanza, mwimbaji kama anataka kuchana spika, halafu spika zote mbili zinatoa kitu kilekile. Kuna jamaa ananiambia kopi yangu mbovu, ana programu ya akili bandia inaondoa mpasuko wote na kuigeuza iwe stirio, yaani kila spika itoe sauti yake, anataka 80,000. Nimpe?

JIBU: Usimpe. Na kama umeshatanguliza hata kidogo kamdai leo leo.

Ndugu yangu, mimi kazi yangu ni kuhamisha santuri na tepu za zamani kwenda kwenye kompyuta, na kitu kinachonichosha kuliko vyote ni hii imani kwamba sauti ikiwa kali basi imeharibika, na kwamba kila kilichoharibika kuna programu ya kukirudisha. Huo mpasuko unaoulalamikia ndio rekodi yenyewe. The Sonics walikuwa vijana watano wa hapohapo Tacoma anapokaa mjomba wako, Gerry Roslie anaimba na kupiga kinanda, ndugu wawili Larry na Andy Parypa wako kwenye gita na besi, Rob Lind saksafoni, Bob Bennett dramu. Santuri yako ilitoka 1965 kwenye lebo ya Etiquette, waliirekodi Seattle kwa fundi anaitwa Kearney Barton, mashine ya tepu ina njia mbili tu, yaani inaweza kutenganisha sauti mafungu mawili tu, na dramu zima limewekewa maiki moja. Wakati huohuo Beatles kule London walishaanza kurekodi kwa njia nne. Sasa Bennett anapiga kama anavunja mlango, maiki ni moja, gita liko chumba hichohicho, yaani kila sauti inaingia kwenye maiki ya mwenzake na tepu inajaa.

Tepu ikijaa inakuwa hivi, sikiliza vizuri maana hapa ndipo wale jamaa wa programu wanapokudanganyia. Ule utepe una chembechembe zinazoshika usumaku, ukiisukuma sauti kwa nguvu zinafika mahali haziwezi kushika zaidi, kwa hiyo vile vilele vya sauti vinabonyea, na palepale zinazaliwa sauti mpya za juu ambazo gita halikuzitoa. Ndiyo huo ukali unaousikia. Na hata kabla ya tepu, amplifaya ya gita ilikuwa imeshapasua sauti, na koo la Roslie lenyewe lilikuwa limeshapasua, yule bwana anapiga yowe la kweli siyo la kuigiza. Mpasuko wa koo, wa amplifaya na wa tepu, vyote vimekaa sehemu moja. Programu itajuaje upi ni wa kutoa? Haijui, inakisia. Inakata vipande vya mlio na kubandika kinachofanana na mlio, unabaki na Roslie anayeimba kama amefunikwa blanketi. Huwezi kuchomoa bizari kwenye pilau iliyokwisha iva.

Na usidhani walikosa pa kurekodia pazuri ndiyo maana ikatoka hivyo, angalia walichofanya baadaye. Albamu ya pili, Boom, ya 1966, waliirekodi studio moja ya Tacoma iliyozoea wanamuziki wa kantri, walipoona sauti inakuwa laini mno wakabandua vile vitu vya kunyonya sauti ukutani ili chumba kipige mwangwi. Hao ni watu wanaojua wanachokitaka. Mwishoni mwa 1966 wakahamia lebo ya Jerden, wakapelekwa Hollywood kurekodi pale Gold Star kwa Larry Levine, fundi aliyerekodi nyimbo kubwa za prodyuza Phil Spector, studio ya maana kabisa, ikatoka Introducing the Sonics, sauti safi, imenyooka. Wenyewe hawakuipenda kabisa, walisema wazi kwamba ni takataka. Yaani ile "iliyosafishwa" ndiyo walioitengeneza waliikataa, halafu leo mtu anataka 80,000 aifanye ile nzuri ifanane na ile mbaya!

Kuhusu spika mbili kutoa kitu kimoja, hiyo ni mono na ndivyo inavyotakiwa iwe. Mono siyo nusu ya stirio. Barton alipima sauti zote zikae pamoja mbele yako kama ngumi moja, na hawa wazee waliporudi studio na kutoa This Is the Sonics mwaka 2015, wakati vifaa vyote vipo, waliirekodi kwa mono tena kwa kutaka. Sasa huyo jamaa anachofanya ni kuipasua rekodi vipandevipande, dramu huku gita kule, na kwa sababu vyote vilishaungana tangu siku ya kurekodi, utasikia matoazi yanacheza kama maji na saksafoni ya Lind inapotea inarudi.

Kopi yako kweli inaweza kuwa na shida yake, siyo kwamba nakataa, lakini inapimwa kwa njia nyingine. Sikiliza wimbo wa kwanza wa upande halafu wa mwisho kule karibu na ile karatasi ya katikati, mpasuko ukiwa uleule ni wa studio, ukiongezeka kadiri sindano inavyoingia ndani basi huenda mfereji wa santuri umelika au sindano yako imechakaa. Hakikisha uzito wa sindano ni ule alioandika mtengenezaji, zile playa za mkoba za bei rahisi zinakandamiza sana na zinakwangua santuri kila ukiipiga. Na amplifaya ikiwa na swichi ya mono ibonyeze, kwenye santuri ya mono muziki unasukuma sindano kushoto na kulia tu, kinachoisukuma juu na chini ni vumbi na mikwaruzo, kwa hiyo ukiunganisha pande mbili ile kelele inajifuta yenyewe kwa kiasi kikubwa. Hiyo ni bure.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hawa watu hawaishii kwenye The Sonics. Nyimbo nyingi za dansi za kwetu zilirekodiwa bendi nzima inapiga pamoja kwenye studio za Redio Tanzania, nazo ni mono, nazo zina ukali wake, na familia zinapeleka santuri ya baba kwa kijana mwenye kompyuta, inarudi faili haina manyanga, haina pumzi ya mpiga tarumbeta, kwa sababu programu imeona hiyo ni kelele. Mbaya zaidi santuri yenyewe anabaki nayo, au anaitupa, maana "si umeshapata faili." Kuondoa mlio wa chembe ya vumbi, ule wa ta, ta, hapo sawa, unaondoa mmoja mmoja kwa mkono huku unasikiliza. Kubonyeza kitufe kimoja kwenye wimbo mzima ni kuua.

Yeyote atakayekwambia anasafisha, muulize kwanza atakupa faili ghafi, lile la kwanza kabisa kabla hajagusa chochote, pamoja na santuri yako mkononi? Akianza kuzunguka zunguka, beba santuri yako uondoke.