Swali la lugha: "Sasisho la sharti" au "sasisho lenye masharti"?

SWALI: Mimi ni fundi wa mifumo, na kazini tunaendesha klasta za OpenShift, yaani makundi ya kompyuta yanayofanya kazi kama mfumo mmoja kwa programu ya kampuni ya Red Hat. Nimepewa kazi ya kuwaandikia wenzangu wa zamu ya usiku maelekezo kwa Kiswahili. Yapo masasisho ambayo Red Hat huyatoa pamoja na onyo: yanafaa iwapo klasta yako haina hali fulani. Mimi niliyaita "masasisho ya sharti". Mwenzangu mmoja akaelewa kwamba ni lazima yafanyike usiku uleule, nusura ayaanzishe. Niyaiteje? Na katika onyo lenyewe, niandike "ukisasisha" au "ungesasisha"?

JIBU: Mwenzako hakusoma vibaya. Neno ndilo lililompeleka huko.

"Sharti" lina sura mbili. Likiwa nomino, ni jambo linalotakiwa litimie kwanza: tunasema mkopo wenye masharti nafuu, au mshtakiwa kaachiwa kwa masharti. Likitangulia kitenzi kinachoishia na -e, linageuka kuwa "lazima", na ndivyo tulivyolisikia tangu utotoni: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hapo hapana hiari. Ndugu yake, kitenzi shurutisha, ni cha kulazimisha moja kwa moja. Kwa hiyo anayeandika "sasisho la sharti" anamwachia msomaji achague kati ya maana mbili, na msomaji aliye macho saa nane za usiku mbele ya skrini huchukua ile iliyo karibu: sasisho la lazima.

"La masharti" ni afadhali, kwa sababu wingi hulivuta neno kwenye unomino. Hata hivyo mimi ningeandika "sasisho lenye masharti". Shina -enye linamwambia msomaji kwamba kuna masharti yaliyoambatana na sasisho hili, naye atauliza papo hapo: masharti gani? Hilo ndilo swali unalotaka aulize kabla hajagusa kitufe.

Sehemu ya pili ya swali lako ndiyo nzito zaidi, na haijibiki kwa sarufi peke yake. Inabidi tutazame mfumo wenyewe unafanya nini. Zamani kasoro ikigundulika katika kupanda kutoka toleo moja hadi jingine, Red Hat waliiondoa njia hiyo kwenye ramani ya masasisho kwa watu wote, hata wale ambao kasoro isingewagusa. Kuanzia OpenShift 4.10, ya mwaka 2022, njia inaweza kubaki, ila inabandikwa maelezo ya hatari pamoja na kipimo cha kuitambua. Opereta wa toleo, programu inayosimamia masasisho ndani ya kila klasta, hukichukua kipimo hicho na mara nyingi humuuliza Prometheus, mfumo unaokusanya vipimo vya klasta: je, sisi tuna hali hii? Jibu linaweza kuwa ndiyo, linaweza kuwa hapana, na linaweza kuwa haijulikani, kwa mfano pale Prometheus anapokuwa hajibu.

Hali tatu, na Kiswahili kina umbo la kila moja. Hapa ndipo ninapokuomba uwe mwangalifu kuliko mahali pengine popote.

Tuchukue mfano wa kubuni: nodi, yaani kompyuta za klasta, zenye aina fulani ya kadi ya mtandao hukatika mtandao baada ya sasisho. Klasta ikishapimwa na kuonekana kwamba kadi hizo inazo, andika kwa -ki-: "Ukisasisha, nodi hizi zitakatika mtandao." Umbo la -ki- linauweka mlango wazi, tendo linaweza kufanyika sasa hivi, na matokeo yake yatafuata. Ndiyo sauti ya onyo.

Andika "ungesasisha, nodi zingekatika mtandao" uone linavyosikika. Mimi nasikia mtu anayenipa pole kwa balaa lililokwisha kunipita. Umbo la -nge- hudokeza kwamba sharti halijatimia wala halitazamiwi kutimia, kwa hiyo hatari inasogea mbali na msomaji wakati iko mlangoni pake. Lina nafasi yake, lakini ni kwenye jibu la "hapana": "Klasta hii ingekuwa na kadi hizo, sasisho lisingependekezwa." Hapo msomaji anajua kwamba amesalimika na kwa nini. (Wapo wanaoandika "halingependekezwa". Maumbo yote mawili yanatumika; chagua moja ulishike katika hati nzima.) Na usichanganye: "ingekuwa na kadi hizo, itakatika" ni sentensi yenye miguu miwili isiyotembea pamoja. Ukianza na -nge-, malizia na -nge-.

Limebaki lile la "haijulikani", ambalo wengi hulitafsiri "hatari haipo" au huliruka kabisa. Tunacho kikanushi cha -ja-, nacho ni hazina. "Haijulikani" inafunga mjadala. "Haijajulikana" inasema bado, subiri, jibu litapatikana. Andika: "Haijajulikana iwapo klasta hii ina kadi hizo. Angalia kwanza Prometheus." Fundi akisoma "haijajulikana" anaelewa kuna kazi ya kufanya kabla ya kuamua.

Nimetumia "iwapo" badala ya "kama" kwa makusudi. "Kama" linabeba mengi mno, likiwemo la kufananisha: "itafanya kazi kama klasta yako" ni sharti au ni mfano? Kwa maandishi ya kazini napenda "iwapo" kwa hali iliyopo (iwapo klasta inatumia kadi hizo) na "endapo" kwa tukio linaloweza kutokea (endapo nodi itazimika). Wengi hawatofautishi hivyo wala siwakosoi, lakini anayefuata maelekezo usiku hunufaika akijua upi ni ukaguzi na upi ni tahadhari.

Kuna jambo hukuliuliza nami siwezi kuliacha. Kwenye klasta yenye hatari hiyo, skrini huonyesha Recommended=False. Nimeshaona likitafsiriwa "haliruhusiwi". Hapana, halipendekezwi. Msimamizi aliyesoma onyo na kuridhika anaweza kuendelea, kwa kuieleza amri waziwazi kwamba anajua anachofanya. "Haliruhusiwi" linamnyang'anya uamuzi ambao ni wake.

Vilevile chunga neno "njia". Ukiandika "njia ya kusasisha 4.14 hadi 4.16", msomaji ataelewa mbinu, yaani amri za kuandika. Unachotaka ajue ni kwamba mfumo mkuu, ule unaoiongoza klasta, hauruki 4.15, lazima uipitie, hata pale nodi za kazi zinaposimamishwa zisubiri hadi mwisho. Basi tumia kitenzi chenyewe: "Kutoka 4.14 kwenda 4.16 utapitia 4.15." Kitenzi pitia kimebeba wazo lote, tena hakimwachi mtu akidhani kuna mkato. Uzito wa hilo unaujua: ukishaingia 4.15 hakuna kurudi 4.14 kunakokubaliwa.

Kama tangazo lingekuwa langu, lingesomeka hivi:

"Sasisho hili lina masharti. Klasta zenye kadi hizi hukatika mtandao baada ya nodi kuwashwa upya. Klasta yetu imepimwa, na kadi hizo inazo. Ukisasisha leo, nodi zitakatika. Halipendekezwi, usianzishe bila idhini ya msimamizi wa zamu."

Angalia sentensi ya pili: hukatika, kwa hu-, kwa sababu inazieleza klasta zote za namna hiyo popote zilipo. Ya nne ni -ki- na -ta-, kwa sababu sasa tunazungumzia klasta yenu, usiku huu.