Kabla ya kununua marashi ya gari, chunguza harufu inakuja wakati gani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaa wa Himbi, hapa Goma, aliniandikia: "Yaya (kaka), gari yangu inanuka. Nimeosha mara tatu, nimetia marashi, bado." Niliusoma ujumbe nikiwa kwenye usukani na moyo ukaniuma, maana mwaka jana nilikuwa palepale alipo yeye leo.

Gari yangu ni RAV4 ya zamani. Ndiyo iliyotutoa Goma tarehe 27 Mei 2021, siku tulipoambiwa tuhame kwa hofu ya volkano ya Nyiragongo: watu tisa, godoro moja, barabara ya Sake imejaa pomoni. Mtu akiisema vibaya, ni kama amemsema mtu wa nyumbani kwangu.

Nilikuwa na mteja wa kila siku, mama mmoja muuguzi, namchukua Katindo asubuhi na kumrudisha jioni. Alilipa kwa mwezi, hakuchelewa hata mara moja. Siku moja akaniambia kwa upole, "Papa, humu ndani munanuka kama nguo zilizolala na maji." Niliona aibu sana. Nikaiweka lawama kwa samaki, kwa sababu juma lile nilibeba sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka soko la Kituku na ndoo ilimwaga maji kidogo nyuma. Nikaosha viti, nikatundika marashi mawili kwenye kioo. Siku tatu shwari. Kisha harufu ikarudi, sasa imechanganyika na vanila, mbaya kuliko mwanzo.

Nikaenda garaji. Fundi hakuniuliza swali hata moja. Alifungua boneti akasema gesi ya klima (kiyoyozi) imeoza: dola 40. Juma lililofuata akasema ni viti, lazima vifumuliwe: dola 60. Ndugu zangu, gesi ya klima haiozi! Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Hilo nilikuja kulijua baadaye, na zile dola mia bado zinaniuma. Yule mama akaacha kunipigia. Hakunigombeza, alipata tu gari nyingine.

Jibu nililiona chini ya gari ya mwenzangu. Tulikuwa kwenye foleni karibu na mzunguko wa Signers, vioo tumefunga kwa ajili ya vumbi, klima zinavuma. Chini ya gari yake maji yalikuwa yanadondoka tone kwa tone. Chini ya yangu, pakavu kabisa. Klima ikipoza hewa, hewa hiyo hutoa maji, na maji yana kijibomba chake cha kushukia barabarani. Kama hayashuki, yanakwenda wapi? Niliingiza mkono chini ya zulia, miguuni pa abiria. Sponji imelowa chepechepe.

Kijibomba kilikuwa kimezibwa na vumbi letu jeusi la lava. Nililala chini ya gari, nikakipuliza kwa pampu ya baiskeli, maji machafu yakanimwagikia mpaka kwenye kiwiko. Filta ya hewa ya ndani, ile inayokaa nyuma ya kisanduku cha kuwekea makaratasi kwenye dashibodi, ilikuwa imegeuka udongo, nikaweka mpya. Zulia nililing'oa lote nikalianika juu ya mawe siku tatu. Fundi hakupata hata franka moja. Mpaka leo harufu haijarudi, na nalisema hilo kwa fahari. Siku hizi nikikaribia kufika nazima klima na kuacha feni peke yake dakika chache, ili kule ndani kukauke.

Kwa hiyo, kijana wa Himbi, weka marashi chini kwanza. Harufu inakuja klima ikiwaka? Tafuta maji. Inakuja jua likipiga viti? Kuna kitu kilimwagika, na kitakuwa kwenye sponji, si kwenye kitambaa unachosugua. Ikiwa tamu kama sharubati na kioo cha mbele kinashika ukungu wa mafuta, maji ya radiata yanavuja ndani ya dashibodi. Angalia kiwango chake injini ikiwa imepoa. Ikiwa ya yai bovu, pima betri injini ikiunguruma: ikizidi volti 15 inachajiwa kupita kiasi, na usilete moto karibu nayo. Esansi (petroli) ikinuka, simamisha gari hapohapo.

Na moshi. Sisi wa Goma tunaijua mazuku, ile hewa inayoua watu na mifugo mabondeni bila rangi wala harufu. Moshi wa injini nao una gesi ya namna hiyo ndani yake, pua haiisikii. Ukinusa moshi ndani ya gari, shusha vioo vyote, simama, toa watu, kisha kagua bomba la moshi kama limetoboka. Nawaomba hasa nyinyi mnaobeba magunia ya makala (makaa) mlango wa nyuma ukiwa umefungwa nusu kwa kamba, watoto wameketi mbele ya mzigo: upenyo ule unavuta moshi kuingia ndani safari nzima. Gunia lisilotosha, lipakieni kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma.