Kabla hujapakia glovu kwenye gari: safari yetu ya Morogoro na Tanga

Mwezi wa saba, masika yakishapita, mimi na wenzangu tunaopenda ngumi tutatoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, turudi Chalinze, kisha tushike njia ya Segera hadi Tanga. Tunapeleka vifaa kwenye klabu za ngumi za mitaani. Safari za namna hii tumeshazifanya, na kila tukitangaza nyingine watu huniuliza na wao waanzie wapi. Majibu yangu ni haya.

Miji yenyewe ina historia. Morogoro ni kwa bondia Francis Cheka, aliyemtwanga Mmarekani Phil Williams hapa Dar mwaka 2013 na kuchukua mkanda wa WBF, moja ya mashirikisho ya ngumi za kulipwa duniani. Tanga ni kwa bondia Hassan Mwakinyo. Septemba 2018 alikwenda Birmingham, mashabiki wengi wa Uingereza hawamjui hata kwa jina, akammaliza Mwingereza Sam Eggington raundi ya 2 tu. Siku ile nililia, na sioni haya kusema. Miaka minne baadaye, Birmingham hiyo hiyo, mabondia wetu Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike wakatuletea medali mbili za shaba za Michezo ya Jumuiya ya Madola. Vipaji tunavyo. Nenda jioni moja tu kwenye klabu ya uswahilini uone vijana wanavyopokezana jozi moja ya glovu, anayevua anamvalisha anayefuata zikiwa bado zimelowa jasho.

Jambo la kwanza, mpigie kocha. Usianze na kiongozi wa mtaa wala mdhamini, anza na yule anayeshika padi, zile pedi za mkononi za kupigiwa ngumi, kila siku. Muulize ana vijana wangapi, wana umri gani, wasichana ni wangapi, na wanafanya mazoezi saa ngapi. Hilo la saa ni kubwa. Wengi ni bodaboda, wabeba mizigo, mafundi ujenzi. Mazoezi yao ni alfajiri au jioni. Ukifika saa sita mchana, utawatoa kwenye riziki yao ili waje kupiga picha na wewe. Sisi tunapanga kuingia mjini alasiri, tukae na mazoezi hadi yaishe, ugawaji ufuate baadaye.

Kwenye vifaa, kagua kila kitu kwa mkono wako. Glovu ya mtumba ibonyeze pale vifundo vya vidole vinapokaa. Ukiona kidole chako kinazama na sponji imehamia upande wa kiganja, hiyo usiipeleke, hata kama ngozi yake bado inang'aa. Itamuumiza anayepiga na anayepigwa. Kwa mazoezi ya kupigana wawili wawili tafuta za aunsi 14 na 16. Zile za aunsi 8 na 10 ni za pambano. Bandeji za mikono chukua ndefu, za mita 4.5, ili mtu azungushe kifundo cha mkono, apite katikati ya vidole na bado zibaki za kufunika vifundo vya vidole. Kinga ya meno iwe mpya siku zote. Nunua zile za kutumbukiza kwenye maji ya moto halafu mtu anaziuma zishike umbo la meno yake, na beba chupa ya chai yenye maji ya moto mfanye kazi hiyo pale pale, maana zikiachwa kwenye mfuko wake wengi watazivaa hivyo hivyo.

Halafu kuna begi la kupigia. Klabu nyingi hujaza mchanga, nao hushuka chini na kushikamana mpaka begi linakuwa gumu kama jiwe, vijana wanateguka mikono. Pita kwa mafundi cherehani uombe vipande vya vitambaa vinavyobaki. Ni bure, na viroba vichache vinatosha kulijaza begi zima.

Naupenda mchezo huu kwa moyo wote, na ndiyo maana nasema wazi kwamba unaua. Robert Wangila wa Kenya, bingwa wa Olimpiki ya Seoul 1988, alifariki Las Vegas mwaka 1994 baada ya pambano. Kofia ya ngumi inasaidia usichanike, lakini ubongo kutikisika haizuii. Kinachomlinda kijana ni kocha anayesema basi, leo inatosha. Kwa hiyo gari letu halibebi vifaa peke yake, tunakwenda na daktari. Anapima presha na macho, kisha anakaa na makocha kuwaeleza dalili: kichwa kinachouma siku nzima, kutapika, kusahau raundi iliyopita. Kijana aliyepigwa KO, yaani aliyeangushwa akashindwa kuendelea, apumzike si chini ya mwezi, hata akiapa kuwa yuko fiti. Kama fedha zako zinatosha kitu kimoja tu, mimi ningemlipia daktari kabla ya kununua jezi.

Michango iwe na akaunti yake. Mafuta, chakula na malazi ya wasafiri tunajilipia wenyewe, na orodha ya vilivyonunuliwa pamoja na bei zake tunaituma kwa kila aliyechanga, hata aliyetoa elfu 2. Dereva naye mwambieni mapema kwamba hamna haraka, kwa sababu njia ya Chalinze hadi Segera ina vijiji vingi vyenye vibao vya mwendo wa 50, na watoto wanakatiza.

Glovu za Morogoro zimeshatimia. Za Tanga bado, hasa ndogo za watoto na wasichana, na kinga za meno hatujapata hata nusu. Mwenye nazo atufikishie kabla Juni haijaisha, tupate muda wa kuzikagua.